Kupanda Wanale: Njia, Msitu na Maneno ya Mlimani

Mtu anayesafiri kutoka Jinja kwenda Mbale kwa barabara ya Tirinyi huuona mlima kabla hajauona mji. Baada ya kuvuka mto Mpologoma na mabonde yake ya mpunga, hutokea mbele yake ukuta mrefu wa rangi ya samawati. Kadiri gari linavyosogea, ukuta huo hugeuka kuwa wa kijani, kisha michirizi myeupe huanza kuonekana juu ya mwamba. Hayo ni maji yanayoanguka. Ukuta huo ndio Wanale, na mji wa Mbale umejengwa chini yake hasa.

Idara yetu ina desturi ya kuwapandisha wanafunzi Wanale kila inapowezekana. Wasomaji wengi wametuuliza safari hiyo inahusiana vipi na ufundishaji wa Kiswahili. Makala hii inakusudia kujibu swali hilo kwa njia mbili. Kwanza, tutamweleza msomaji ambaye hajawahi kufika Wanale ni mahali gani na namna ya kupatembelea. Pili, tutaeleza jambo moja la lugha ambalo tulijifunza njiani, wala si darasani, nalo linagusa uhai wa watu.

Wanale ni mahali gani?

Wanale si mlima unaosimama peke yake. Ni mgongo wa mlima unaochomoza upande wa magharibi kutoka Mlima Elgon, volkano iliyozimika zamani sana, ambayo imekaa juu ya mpaka wa Uganda na Kenya. Kilele cha juu kabisa cha Elgon ni Wagagai, chenye urefu wa mita 4,321 kutoka usawa wa bahari, nacho kiko upande wa Uganda. Huko juu kuna kasoko pana yenye kipenyo cha takriban kilomita 8. Wanale haufiki kimo hicho. Hata hivyo, mtu anayetoka mjini Mbale hadi juu ya mgongo huo huinuka kwa takriban mita 1,000, na magoti yake humweleza hivyo jioni.

Majina ya mahali hapa ni somo la historia. Wagisu huuita Mlima Elgon kwa jina la Masaba, ambaye katika masimulizi yao ni baba wa taifa lao, na ndiyo maana hujiita pia Wamasaba. Wanale ni mmoja wa wana watatu wa Masaba, pamoja na Mwambu na Mubuya. Kwa hiyo mgongo huu umebeba jina la babu. Jina la pili, Nkokonjeru, ni la Kiganda, na maana yake ni "kuku mweupe". Jina hilo hutukumbusha enzi za Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeweka makao yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Kiganda kilipotumika katika utawala na makanisani. Baadaye wafanyabiashara, askari na reli vilikileta Kiswahili, nacho kikaota mizizi sokoni. Mpaka leo mtu anaweza kununua na kuuza katika soko la Mbale kwa Kiswahili bila taabu, ingawa si Kiswahili cha vitabuni.

Jinsi ya kwenda na kutembea

Msitu wa Wanale ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993 na ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mgeni anapaswa kuanzia katika ofisi ya hifadhi iliyoko mjini Mbale. Hapo atalipa kiingilio, ambacho kwa raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko kwa wageni wa mbali, na atapewa mwongozaji. Tunawasihi wasomaji wasipande bila mwongozaji. Ukungu hushuka ghafla, na njia iliyokuwa wazi saa nne asubuhi huweza kupotea kabisa saa sita.

Magari hupanda kwa kuzunguka, na barabara huteleza sana baada ya mvua. Vikundi vidogo huweza kutumia pikipiki za boda boda, mradi dereva awe mwenyeji wa njia hiyo. Wakati unaofaa zaidi ni kati ya Desemba na Februari, mvua zinapopungua. Mgeni avae viatu vyenye meno, achukue koti la mvua hata kama anga ni jeupe, na abebe maji ya kunywa. Aidha, aanze mapema, kwani mawingu hupenda kujikusanya mchana.

Safari hupita katika ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ya mashamba: migomba, maharage, vitunguu na kahawa aina ya Arabika. Kahawa hiyo ndiyo iliyolipa jina la Bugisu sifa katika masoko ya nje, na ndiyo iliyozaa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954. Ngazi ya pili ni ya msitu wenyewe, na hapo ndipo zilipo njia za miguu za hifadhi. Ziko njia fupi zinazomfaa mtu mwenye watoto, na ziko ndefu zinazochukua sehemu kubwa ya siku. Njia mojawapo huongoza hadi pango la Khauka. Njiani mtu huweza kuwaona mbega weusi wenye mkia mweupe wakirukaruka juu ya miti, na kima, na kumsikia hondohondo kabla ya kumwona. Mtu akitokeza kwenye ukingo siku isiyo na ukungu, mji wote wa Mbale huonekana chini yake, na nyuma yake tambarare inayopotelea upande wa Ziwa Kyoga.

Maneno ya njiani

Hapa ndipo tunapofika kwenye kazi ya Idara. Wanafunzi wetu wengi wamejifunza Kiswahili kutokana na vitabu vilivyoandikwa na watu wa pwani au wa mijini. Wanajua jahazi, tanga, pwa na kujaa, ingawa wengi wao hawajaiona bahari. Lakini mwanafunzi aliyezaliwa mbavuni mwa Elgon akiulizwa aeleze njia ya kwenda kwao kwa Kiswahili, husema "huko juu" na "huko chini", kisha hunyamaza. Si kwamba Kiswahili hakina maneno ya mlimani. Kinayo, ila hatukuwafundisha.

Njiani tulisimama mara kwa mara ili kutaja vitu kwa majina. Mgongo wa mlima ni ile sehemu ndefu ya juu iliyonyooka, na ubavu ni upande wake unaoteremka. Genge ni ule mwamba uliosimama wima unaoonekana kutoka mjini. Neno hilo liliwachekesha wanafunzi waliowahi kufika Dar es Salaam, ambako genge ni kibanda cha kuuzia nyanya na vitunguu. Hata sisi, tulipokwenda huko kusomea shahada ya uzamili, tulilijua genge la nyanya kabla ya kulijua genge la mwamba. Korongo ni bonde jembamba lenye kuta kali lililochimbwa na maji, na pia ni jina la ndege mwenye miguu mirefu, ambaye aina yake yenye taji imo katika bendera ya Uganda. Hali kadhalika tulitofautisha msitu, ambamo miti husongamana, na pori, ambapo hapalimwi wala hapakai watu.

Yote hayo yalikwenda vizuri. Kisha tukafika kwenye neno lililotushinda.

Neno moja, maana mbili

Katika safari ya Januari 2025 tulikuwa na wanafunzi 18. Mmoja wao ni mwenyeji wa Jinja. Tulipokata kona moja, maji yalionekana yakianguka kutoka juu ya genge. Yalikuwa membamba kwa sababu ya kiangazi, lakini yalimetameta juani. Mwanafunzi huyo alipaza sauti kwa furaha: "Jamani, tazameni maporomoko!" Wenzake walitoa simu zao wapige picha.

Wakati huohuo alikuwa akiteremka mama mmoja mzee, mwenye mkungu wa matoke kichwani, akienda sokoni. Aliposikia kelele hiyo alisimama papo hapo. Hakutazama maji. Alitazama mteremko uliokuwa nyuma yetu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Wapi? Imefunika nani?"

Tulichukua muda kumwelewa. Tulimwamkia, tukamwomba radhi, na kumweleza kwamba vijana walikuwa wakifurahia maji tu. Alitikisa kichwa, akasema "Mulembe", yaani amani, akaendelea na safari yake. Lakini mkono ulioshika mkungu ulikuwa bado ukitetemeka.

Tukio hilo lilitufanya tukae chini tulijadili neno lenyewe. Kisarufi, mwanafunzi hakukosea. Mtu wa Jinja amelirithi neno hilo likiwa na sifa njema. Kwao maporomoko ni maji ya Nile: maporomoko ya Ripon na ya Owen, yaliyomezwa lilipojengwa bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954, na maporomoko ya Bujagali, yaliyofunikwa na bwawa jingine mwaka 2011. Huko neno hili huleta watalii, umeme na kumbukumbu za jambo zuri lililopotea. Mama yule naye hakukosea, ingawa upatanisho wake haukuwa wa vitabuni. Kwake, maporomoko ni ardhi. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Novemba 2024, udongo ulipoteremka wilayani Bulambuli, upande mwingine wa Elgon, ukafunika nyumba na watu waliokuwa ndani.

Kamusi huandika "maporomoko ya maji" na "maporomoko ya ardhi", na mwalimu huweza kusema kwamba tofauti imekwisha kuelezwa. Lakini mtu anayepiga ukelele hatoi maneno matatu, hutoa moja. Anayelisikia hulijaza kwa yale aliyoyaona maishani mwake.

Kuporomoka na kuporomosha

Ni vema tueleze kwa ufupi kwa nini ardhi ya Elgon huporomoka. Miteremko ni mikali, na mvua ni nyingi. Udongo uliotokana na miamba ya volkano ni mzito, na sehemu nyingi una mfinyanzi unaoshika maji. Mvua inyeshapo siku kadhaa mfululizo, maji huzama mpaka kwenye tabaka lisiloyapitisha, udongo wa juu huwa mzito na mtelezi, na siku moja huachia. Mizizi ya miti husaidia kuufunga udongo, na majani hupunguza nguvu ya matone. Msitu hauzuii kila poromoko, kwa maana mengine huanzia chini sana kuliko mizizi. Hata hivyo, ubavu uliofyekwa na kukatwa ngazi za kujengea nyumba una hatari kubwa zaidi kuliko ubavu wenye miti.

Tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifunikwa pamoja na kituo chake cha biashara na zahanati, na waliokufa au kutoonekana tena walikisiwa kuzidi 300. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa mbali, wilayani Kiryandongo. Tarehe 11 Oktoba 2018, msiba mwingine ulitokea Bukalasi, Bududa hiyohiyo. Wakazi wa Mbale nao walikuwa wakidhani kwamba hayo ni ya watu wa juu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala, inayopita mjini baada ya kutoka milimani, ilifurika, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Maji yale yale yanayopigwa picha juu ya genge ndiyo yanayopita madarajani mjini.

Sarufi ya Kiswahili ina jambo la kutufundisha hapa. Kitenzi poromoka kina mwenzake, poromosha, kama anguka na angusha, chemka na chemsha, amka na amsha. Tukisema "mlima umeporomoka", hatumtaji mtendaji, ni kana kwamba mlima umeamua wenyewe. Tukisema "mlima umeporomoshwa", swali huja mara moja: na nani? Kwa uadilifu, majibu ni mawili. Mwinuko, mvua na mfinyanzi si kazi ya mtu, na kwa hayo mlima umeporomoka. Lakini miti iliyokatwa na nyumba zilizojengwa mahali pasipofaa ni kazi yetu, na hapo kitenzi sahihi ni cha pili. Tumeona mara nyingi taarifa zikitumia kitenzi cha kwanza peke yake, na wanafunzi huzifuata bila kufikiri.

Aidha, methali inasema "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Sisi tumeifundisha miaka mingi kama methali ya kuzuia madogo yasiwe makubwa. Elgon, ufa ni ufa kweli. Nyufa za ardhini huweza kuonekana kabla ya poromoko, na mwongozaji wetu alituonyesha namna ya kuzitazama juu ya njia. Ufa wa namna hiyo hauzibwi, hukimbiwa. Mtoto anayeijua methali lakini hajui kwamba ufa wa shambani kwao ni onyo, elimu yake haijakamilika.

Kupanda na kupanda

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo Wanale huifafanua kuliko darasa lolote. Kamusi huandika panda mara mbili, moja kwa maana ya kwenda juu na nyingine kwa maana ya kutia mbegu au mche ardhini. Mgeni huja kupanda kwa maana ya kwanza. Mwenyeji hupanda kwa zote mbili kila siku.

Mwenyeji huyo na msitu hawakuishi kwa amani siku zote. Katika miaka ya 1970 na 1980 sehemu kubwa ya msitu wa Elgon ilifyekwa. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1993, watu waliokuwa wakiishi na kulima ndani yake waliondolewa, na ugomvi wa mipaka uliendelea kwa miaka mingi baadaye. Kuanzia mwaka 1994 miti ilianza kupandwa upya, na baadhi yake iling'olewa na watu walioamini kwamba ardhi ile ni yao. Baada ya hapo, katika baadhi ya vijiji palifanywa mapatano: wanavijiji waruhusiwe kuingia kwa siku maalumu na kuchukua kuni, dawa na machipukizi ya mianzi, nao wasaidie kuulinda msitu. Machipukizi hayo, yakikaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, ndiyo malewa, chakula ambacho hakikosekani katika sherehe ya Mgisu. Mgeni anayeshuka Wanale akayala mjini Mbale ajue kwamba anakula msitu, na kwamba msitu ukiisha malewa nayo yamekwisha.

Kwa hiyo mtembezi asimwone mkulima wa mbavuni kuwa adui wa msitu. Ardhi ni ndogo, watu ni wengi, na anayejenga penye hatari mara nyingi hana pengine pa kujenga. Kiingilio cha mgeni, ujira wa mwongozaji, na kahawa na ndizi zinazonunuliwa njiani ni sababu mojawapo ya mwenyeji kuutaka msitu ubaki.

Tunavyopendekeza

Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wahitimu wetu watapelekwa Bududa, Sironko, Manafwa na Bulambuli, kufundisha watoto wanaolala chini ya miteremko. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu afundishe msamiati wa mahali alipo sambamba na ule wa kitabuni: genge, korongo, ufa, mteremko, chemchemi, mafuriko. Pili, afundishe neno maporomoko kwa maana zake zote mbili siku hiyohiyo, asiiache ya pili ije yenyewe. Tatu, awatoe wanafunzi nje. Si lazima iwe safari kubwa; hata kilima kilicho nyuma ya shule kina maneno yake.

Nasi tangu Januari ile tumebadili desturi yetu kidogo. Wanafunzi wanapoyaona maji juu ya genge, huambiana "Tazameni maji yanavyoanguka", na neno lile huliacha kwa siku linapohitajika. Kila anayepanda nasi sasa hubeba mche mmoja, akaupanda mahali ambapo mwongozaji na mwenye shamba wamekubaliana. Mwanafunzi wa Jinja alikuwa wa kwanza kuuliza kama mche wake umeshika. Tulimjibu kwamba itabidi apande tena akauone, na hakutuuliza tumekusudia kupanda kupi.